Leza, kamera mbili au rada: gari lipi litakupa onyo unaloweza kulitumia kati ya Arusha na Moshi?

Ukiwasha gari lililotoka Japani, unasalimiwa na mama wa Kijapani. Watoto wangu wanamwigiza neno kwa neno, na mimi kwa karibu miaka miwili niliamini anatutakia safari njema. Kumbe anasema kadi ya ETC haijachomekwa, yaani kadi ya kulipia zile barabara za malipo za kwao. Hapa Njiro kadi hiyo haina kazi, lakini mama haachi. Kila asubuhi kabla sijatoka getini nimeshapewa onyo lisilonihusu, na sikio linazoea. Halafu siku moja unafika Kikatiti, Noah iliyo mbele inasimama ghafla kuokota abiria, dashibodi inawaka nyekundu, gari linalia, na wewe kwa sekunde nzima unadhani ni yule mama tena. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde hiyo moja ni mita 22.

Mdogo wangu wa kike anayeishi Moshi alinipigia mwezi uliopita. "Shikamoo kaka. Nina magari matatu hapa kwenye simu, yote wanasema yanafunga breki yenyewe. Bei hazijapishana sana. Nichukue lipi?"

Moja linaona mbele kwa leza, moja kwa kamera mbili, moja kwa rada. Nikamwomba anipe wiki moja. Mimi naendesha gari la leza, huu mwaka wa tatu. La kamera mbili niliachiwa na shemeji yangu kwa wiki sita alipokuwa Dodoma kikazi. La rada ni la ofisini, linapanda Karatu na Rombo, na zamu yangu ikifika nalishika. Sikuwa na vipimo vya maabara. Nilijiuliza jambo moja tu: kila gari lilipolia, nilijua linataka nini, na nilijua mapema kiasi gani?

Linaongelea barabara, au linajiongelea lenyewe?

Hapa ndipo wengi tunapopotea, hata kabla ya kufika kwenye kuchagua. Kuna onyo la barabarani: gari la mbele liko karibu mno, unatoka kwenye mstari, kuna pikipiki ubavuni. Hilo huja na kuondoka ndani ya sekunde chache. Na kuna onyo la gari kuhusu afya yake: sensa imechafuka, kamera haioni, mfumo umezimwa, kuna hitilafu. Hilo linawaka na kubaki.

Chukua ile taa ya kigari chenye mikia miwili ya nyoka nyuma yake, ambayo ipo hata kwenye magari yasiyo na kamera wala rada. Ukiwa kwenye tope ikawa inawaka na kuzima haraka haraka, mfumo uko kazini, unayashika matairi yasiteleze. Wewe legeza mafuta tu. Ikiwaka moja kwa moja kwenye lami kavu, hapo mfumo wenyewe ndio una shida, au kuna mtu ameuzima kwa swichi. Jirani yangu aliwahi kusimama katikati ya tope la Ngaramtoni kwa sababu taa hiyo ilikuwa inapepesa. Akashuka kufungua boneti. Kuondoka pale ilibidi asukumwe na vijana sita.

Rangi zitakusaidia kuliko maandishi. Nyekundu maana yake chukua hatua sasa hivi: funga breki, au simama pembeni. Njano inakwambia uendelee kwa uangalifu na umtafute fundi. Kijani na nyeupe ni taarifa. Nasisitiza rangi kwa sababu maandishi ya dashibodi za magari haya mara nyingi ni ya Kijapani, na hakuna atakayeyasoma kwa mwendo wa 80. Ingawa kuna kichekesho kimoja: neno la kwao la breki wanalitamka "bureeki". Sisi na wao tumelikopa kwa Mwingereza yuleyule. Gari likiwa limesimama, piga picha dashibodi kwa simu, programu ya tafsiri itakusomea. Fanya hivyo mara moja kwa kila ujumbe, andika maana yake kwenye karatasi, weka kwenye droo ya dashibodi. Mimi nimefanya, na mke wangu ndiye anayeitumia zaidi.

Leza na kamera moja

Hili ndilo utakaloliona zaidi kwenye magari madogo. Toyota walianza kuuza mfumo wao wa Safety Sense C mwaka 2015 kwenye Axio na Fielder, kisha ukaingia kwenye Vitz, Sienta na Aqua. Utautambua kwa kiboksi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma. Angalia kwa macho yako, usiamini mwaka pekee, maana magari ya bei ya chini ya mwaka huohuo mengine hayakuwekewa.

Leza inarusha mwanga usioonekana kwa jicho na kupima unavyorudi. Kamera inasoma mistari ya barabara na taa za magari. Onyo lake ni fupi na la wazi: mlio wa kukatakata na alama nyekundu ya breki. Usipofanya kitu, linafunga lenyewe, lakini breki hiyo inafanya kazi kati ya takriban kilomita 10 na 80 kwa saa, na kazi yake ni kupunguza kama kilomita 30 za mwendo. Piga hesabu. Ukiwa 30 nyuma ya Hiace iliyosimama pale Kijenge, unaweza ukapona bila mkwaruzo. Ukiwa 70 na lori limesimama bila taa karibu na Boma Ng'ombe, unaligonga ukiwa 40. Kugonga kwa 40 na kugonga kwa 70 ni vitu viwili tofauti kabisa, sidharau hata kidogo, ila usije ukadhani umenunua kinga.

Na jambo kubwa zaidi: toleo la mwanzo la mfumo huu linatambua magari. Mtu anayevuka kwa miguu halimtambui. Kwa barabara yetu, ambapo kuanzia Tengeru hadi Maji ya Chai watoto wa shule wanavuka muda wote, hilo lazima ulijue kabla hujatoa hela. Gari halitalia. Kukaa kimya kwake hakumaanishi njia ni nyeupe.

Kwa upande wa usumbufu, ndilo gari lililonichosha kidogo kuliko yote. Mjini halisemi sana. Likisema, kwa kawaida lina sababu.

Kamera mbili

Mfumo unaojulikana zaidi hapa ni EyeSight wa Subaru, uliotoka Japani mwaka 2008. Utaona macho mawili juu ya kioo cha mbele, moja kila upande wa kioo cha kuangalia nyuma. Unapima umbali kama unavyopima wewe, kwa kulinganisha picha za macho mawili, kwa hiyo unaona gari, mtu, hata baiskeli. Toleo la pili, la 2010, liliweza kuzuia kabisa kugonga iwapo tofauti ya mwendo kati yako na kilicho mbele haizidi kama kilomita 30 kwa saa. Toleo la tatu, la 2014, liliongeza hadi kama 50, na kamera zake zinaona rangi, kwa hiyo linajua taa za breki za gari la mbele zimewaka. Forester zilianza kupata toleo hilo mwishoni mwa 2015. Muuzaji akikwambia "ina EyeSight", muulize toleo la ngapi.

Kilichonivutia ni namna linavyopanda sauti. Kwanza linakupa milio mifupi: umesogea mno. Ukipuuza, milio inaendelea na breki inaguswa kidogo, unaisikia mwilini. Ukizidi kupuuza, mlio unakuwa mmoja mrefu usiokatika na breki inafungwa kwelikweli. Baada ya siku nne nilikuwa naelewa hali bila kutazama dashibodi, kama unavyomwelewa konda kwa jinsi anavyogonga bati.

Siku ya kumi hivi nilikuwa natoka Moshi, nimefika Kwa Sadala, nyuma ya Coaster. Bodaboda mwenye mkungu wa ndizi akanichomekea kutoka kushoto. Nilisikia milio mifupi, nikagusa breki mwenyewe, na gari likanyamaza. Hapakuwa na hatua ya pili. Ndivyo inavyotakiwa: onyo likufikie ukiwa bado na nafasi ya kuamua. Maana kwa barabara zetu, gari likifunga breki lenyewe kwa nguvu zote, aliye nyuma yako hana kamera hata moja, na pengine anachati.

Udhaifu wake ni jua. Mimi naishi Arusha na mara mbili kwa wiki kazi yangu iko Moshi. Asubuhi saa moja naelekea mashariki, jua liko usoni. Jioni narudi magharibi, jua liko usoni tena. Mara kadhaa nikiwa maeneo ya Usa River alama nyeupe iliwaka: mfumo umepumzika kwa muda, kamera hazioni. Ile nyeupe isikutishe, itaondoka jua likipanda au ukifuta kioo. Ya njano ndiyo hitilafu. Lakini elewa kwamba kwa dakika hizo unaendesha gari la kawaida, na ndizo dakika ambazo wewe mwenyewe pia huoni vizuri.

Kuna jambo jingine linalowatoa watu fedha. Kwenye Subaru nyingi, taa ya injini ikiwaka, EyeSight inajizima na taa zake zinawaka pamoja na za kuzuia kuteleza, na kruzi, ile ya kushika mwendo bila kukanyaga mafuta, inakatika. Dashibodi nzima inakuwa kama duka la taa. Shemeji aliwahi kuambiwa na fundi kwamba kamera zimekufa, zibadilishwe zote mbili. Akaenda kwingine likapimwa kwa mashine: sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Ilipobadilishwa, taa zote zikazima. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, anza na ya injini.

Rada na kamera

Hapa kuna Safety Sense P ya Toyota, iliyotoka 2015, na Honda Sensing. Harrier zilipata ya Toyota kwenye maboresho ya 2017. C-HR ilizaliwa nayo mwishoni mwa 2016. Vezel zilianza kupata ya Honda mwaka 2016. Rada inakaa mbele, mara nyingi nyuma ya nembo. Ndiyo maana nembo ya Toyota kwenye magari hayo ni bapa na laini kama kioo cha simu, haina matundu.

Ukungu ndio unaoonyesha thamani yake. Panda Marangu kuelekea Mkuu na Tarakea mwezi wa saba, au ukingo wa kreta ya Ngorongoro alfajiri, utaona kamera zinakata tamaa na leza inahangaika, lakini mawimbi ya rada yanapita kwenye ukungu, vumbi na mvua bila shida kubwa. Katika safari ya Rombo niliwahi kuonywa kuhusu lori ambalo mimi nilikuwa bado silioni. Sauti ilitangulia, taa za lori zikafuata. Nilibaki nimeshika usukani kwa mikono miwili hadi Mkuu.

Lakini rada ina wasiwasi wake. Chuma kinaiamsha: kibao cha barabarani kwenye kona, ukingo wa daraja. Kwenye kona za kupanda mlima nilipata milio kadhaa ya bure, na mwenzangu tuliyekuwa naye akaomba nizime. Usizime kwanza, badilisha umbali. Kwenye Toyota kuna ngazi tatu za onyo la mgongano: mapema, wastani, karibu. Ofisini tumeiweka wastani kwa safari ndefu, na karibu tukiwa mjini. Ukiuzima kabisa, mfumo huo unarudi wenyewe ukiwasha gari tena, kwa hiyo kuzima ni kazi ya kila siku.

Kwa wapenda mapambo: ukibadilisha nembo kwa ya dukani ya kung'aa, au ukafunga bampa la chuma mbele ya shoo, umeifunga rada kitambaa machoni.

Halafu kuna ng'ombe. Miongozo ya mifumo hii mitatu inazungumzia magari, na mingine watu na baiskeli. Ng'ombe wa Kisongo na punda wa Makuyuni hawamo. Hapo ni macho yako.

Milio midogo, kwa haraka

Onyo la kutoka kwenye mstari linahitaji mstari. Kwenye baipasi ya Arusha inaonekana vizuri na linafanya kazi. Kwingine rangi imefutika na linakaa kimya tu. Nililichukia mwanzoni, hadi nilipogundua kwamba ukiwasha indiketa halilii. Milio mingi niliyokuwa naiita usumbufu ilikuwa ni mimi kumkwepa mwendesha baiskeli bila indiketa.

Taa ya kwenye kioo cha pembeni, inayowaka kukiwa na chombo ubavuni, ni tamu sana kwa nchi yenye bodaboda nyingi hivi, ila pikipiki ndogo inaweza kuiponyoka. Ule mlio wa gari la mbele kuondoka kwenye foleni ni kwa ajili ya wanaochungulia simu. Pale mataa ya Sanawari umeniumbua mara nyingi.

Sensa za kuegesha ni habari nyingine. Nyumbani kwa mama Kibosho njia ya kuingia ni nyembamba, imebanwa na masale pande zote mbili na majani ya migomba yananing'inia. Magari yote matatu yalilia kuanzia barabarani hadi uani kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Hizo zima kwa kitufe chake, ukifika washa.

Kioo, stika na sehemu za kuangalia kabla ya kulipa

Kamera mbili zinapima kupitia kioo, kwa hiyo kioo ni sehemu ya kipimo. Gari la shemeji lilipigwa jiwe na lori, akabandikiwa kioo kingine kwenye duka moja la vioo mjini, kizuri kwa macho, na siku hiyohiyo taa ya njano ikawaka. Baada ya kubadilisha kioo kamera lazima zipangwe upya kwa vifaa maalumu, na waliomwekea hawakulijua hilo. La leza nalo lina kamera kwenye kioo, lina shida hiyohiyo. La rada lina kamera pia, pamoja na rada ya kupangwa bampa likiguswa. Kwa hiyo kwenye gari lililotumika, soma maandishi madogo kwenye kona ya kioo cha mbele, ulinganishe na ya vioo vya milango. Yakitofautiana, uliza kioo kilibadilishwa wapi na nani aliipanga kamera.

Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa za onyo zinatakiwa kuwaka zote, kisha zizime moja moja baada ya injini kuwaka. Ile ambayo haikuwaka kabisa inanitia shaka kuliko inayowaka na kubaki, kwa sababu kuna watu wanaiziba taa ili gari liuzike. Endesha kwenye lami yenye mistari mizuri, dakika kumi, uone kama kuna ya njano itakayorudi.

Na stika. Tuna tabia ya kubandika stika juu katikati ya kioo, hapohapo kwenye macho ya kamera, na wengine wanashusha tinti hadi kuyafunika. Nililipanda gari la rafiki yangu likiwa na taa ya kamera isiyozimika kwa miezi, tukabandua stika mbili kuukuu kwa maji ya moto na kisu cha plastiki. Ikazima kabla hatujafika Kijenge.

Nilichomwambia

Angekuwa anaishi Tarakea, au anapandisha wageni Ngorongoro, ningemwambia achukue la rada bila kufikiri mara mbili. Angekuwa ni mtu wa Double Road, sokoni na kanisani, na fedha zinambana, la leza linatosha, mradi akumbuke kwamba halimwoni mtu. Na kama anajijua kwamba atazima kila kitu wiki ya kwanza, basi achukue lisilo na mfumo wowote na tofauti ya bei aiweke kwenye matairi mapya manne. Sikuwa namtania.

Lakini yeye anafundisha shule iliyo kando ya barabara kuu, anaendesha mchana zaidi, na kila siku anapita vivuko viwili vya pundamilia vilivyojaa watoto. Nikamwambia kamera mbili, toleo la tatu, kioo chake cha asili, na asilipie kabla hajaliendesha asubuhi akiwa ameelekea jua.

Amelichukua wiki iliyopita. Jana amenitumia picha ya dashibodi akiuliza ile alama nyeupe ni nini. Nikakuza picha: nyuma ya usukani, juu ya kioo, katikati kabisa, stika mpya ya Nenda kwa Usalama. Ameihamishia chini, upande wa abiria.